Mstaafu wa jeshi anaombwa kugombea udiwani: aende na nini mbele ya wapiga kura?

"Shikamoo mwalimu. Nimestaafu JWTZ nikiwa Afisa Mteule Daraja la Pili, nimerudi nyumbani mkoa wa Lindi, nalima korosho na ufuta. Wazee wa kata wamenifuata wakitaka nigombee udiwani uchaguzi ujao. Wanasema wamechoka na watu wa maneno, wanataka mtu wa nidhamu. Vijana wa bodaboda wao wanasema afande akipata udiwani atatupigisha kwata. Jirani yangu, mwalimu mstaafu, anasema Katiba hairuhusu mwanajeshi kuingia kwenye siasa. Mimi sehemu kubwa ya utumishi nilikuwa bohari, isipokuwa kipindi nilichokwenda Darfur, Sudan, na huko pia nilishika stoo. Rafiki zangu wananishauri niweke picha ya sare na nishani kwenye mabango, niseme nilipigana. Mke wangu hataki hata kusikia, anasema mafao yataishia kwenye kampeni. Na nikiri jambo moja: mlio wa ghafla bado unanishtua, na nikibishiwa mbele za watu damu inachemka. Je, historia yangu ya jeshi itanifaa au itaniangusha? Nianzie wapi?"

Marahaba, ndugu yangu. Nashukuru hukuficha kitu, hasa hayo ya mwisho, maana ndiyo wagombea wengi huyazika. Nikiyasoma maswali yako yote pamoja naona hofu moja: wazee wanakutaka kwa ajili ya jeshi, vijana wanakuogopa kwa ajili ya jeshi hilohilo, na wewe unahisi wote wanamzungumzia mtu mwingine. Wao wanamwona askari wa mstari wa mbele, wewe ulishika funguo za bohari. Kwa maoni yangu funguo hizo zina thamani kubwa kwa kata yako kuliko nishani zozote, na nitaeleza kwa nini. Lakini tuanze na jirani yako, kwa sababu kama amesema kweli hakuna haja ya kuendelea.

Hayuko sahihi, ingawa kosa lake lina chanzo. Ibara ya 147 ya Katiba ya Jamhuri ya Muungano inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama cha siasa, huku ikimwachia haki ya kupiga kura. Ibara hiyohiyo inaeleza mwanajeshi ni nani: askari aliyeajiriwa, kwa masharti ya muda au ya kudumu, katika Jeshi la Ulinzi, Polisi, Magereza au JKT. Ajira ikiisha, zuio nalo limeisha. Na zuio lenyewe halikuwepo tangu uhuru. Baada ya maasi ya Tanganyika Rifles ya Januari 1964, yaliyoanzia kambi ya Colito ambayo leo ni Lugalo, Mwalimu Nyerere alilivunja jeshi lile lililorithiwa kwa Waingereza, na Septemba mwaka huohuo JWTZ ikazaliwa. Kwa karibu miaka 30 iliyofuata askari aliweza kuwa na kadi ya TANU na baadaye ya CCM, vikosi vilikuwa na makamisaa wa siasa, na afisa kupelekwa kuwa mkuu wa wilaya lilikuwa jambo la kawaida. Vyama vingi viliporudi mwaka 1992 ikabidi watu wachague upande. Jakaya Kikwete, aliyekuwa Luteni Kanali, alichagua siasa, na mwaka 2005 akawa Rais. Abdulrahman Kinana, Kanali mstaafu, alikuwa Spika wa kwanza wa Bunge la Afrika Mashariki na baadaye Katibu Mkuu wa CCM. Kwa majirani zako wa Newala, mbunge wao kwa miaka mingi alikuwa Kapteni mstaafu George Mkuchika. Njia unayoulizia imeshapitiwa na wengi, na kihalali.

Mtego uko kwenye tarehe. Kama una kadi ya chama, itazame sasa hivi, kisha uitazame barua yako ya kustaafu. Kadi iliyotolewa kabla ya siku ya mwisho ya utumishi wako ni zawadi kwa mtu atakayetaka kukuwekea pingamizi. Kama baada ya kustaafu uliongezewa mkataba wa muda jeshini, hesabu zako zianzie mwisho wa mkataba ule. Halafu kuna ukazi: diwani anatakiwa awe mkazi wa eneo la halmashauri anakogombea, na mtu aliyeishi makambini miaka yote hiyo lazima aweze kuonyesha kwamba sasa anaishi hapo kweli, ana shamba, ana nyumba, yumo kwenye daftari la mpiga kura la hapohapo. Chama nacho hukikwepi. Marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alishinda kesi ya mgombea binafsi katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, mwaka 2013, lakini kwetu bado mgombea lazima adhaminiwe na chama. Maana yake wapiga kura wako wa kwanza ni wajumbe wa chama utakachojiunga nacho, na hao wana mambo yao ambayo kwata haikukufundisha.

Sasa tuje kwa wazee na vijana. Watu hupima historia ya jeshi kwa kumbukumbu zao wenyewe, wala hawaisomi kwenye faili lako. Mzee wa Lindi ana kumbukumbu ya vita vya Kagera vya 1978 na 1979, ya vijana walioondoka na baadhi wasirudi. Kama ni mtu wa Nachingwea, anakumbuka jinsi wapigania uhuru wa Msumbiji, FRELIMO, walivyofunzwa pale. Kwake askari ni mtu aliyetoa kitu. Kijana wa bodaboda ana picha nyingine kabisa. Mwaka 2013 aliona au alisimuliwa Operesheni Tokomeza, iliyoanza kwa kuwasaka majangili na kusimamishwa baada ya malalamiko ya mateso, hadi mawaziri wanne wakaondoka. Mwaka huohuo aliona wanajeshi wakiingia Mtwara wakati wa ghasia za gesi. Novemba 2018 alimwona askari ghalani kwenye Operesheni Korosho, serikali iliponunua zao lote kwa shilingi 3,300 kwa kilo. Wapo waliofurahia ile bei, na wapo waliokaa miezi wakisubiri hela huku wakihakikiwa kama korosho ni za shamba lao au ni za kangomba, yaani zilizonunuliwa kinyemela kwa wakulima. Na Oktoba 2025 maandamano yalipozuka siku ya uchaguzi mkuu, wanajeshi walionekana mitaani. Huwezi kumwambia kijana huyo asahau.

Kwa hiyo usishangae kata moja ikikuona watu wawili. Akisimama mkulima mkutanoni akakuuliza, "Nyie wanajeshi ndio mlituchelewesha na korosho zetu, leo unataka kura?", mjibu kwa yale unayoyajua. Kama hukuwepo, sema hukuwepo. Usilitetee jambo usilolifanya, na usiwatupie lawama wenzako ili upigiwe makofi. Muulize yeye alipata hasara gani, na leo chama chake cha msingi cha ushirika kinamlipa baada ya siku ngapi. Kwenye hilo ndipo diwani anapoweza kumfaa.

Woga wa vijana kuhusu kwata una ukweli ndani yake, na nakuomba usiupuuze. Jeshini amri inashuka na taarifa inapanda. Ukimwambia koplo gari liwe tayari saa 11 alfajiri, litakuwa tayari, na lisipokuwa tayari kuna mtu wa kuulizwa. Diwani hana koplo. Utakuwa mwenyekiti wa Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo katibu wake ni Mtendaji wa Kata, lakini mtendaji huyo ni mwajiriwa wa halmashauri na bosi wake ni mkurugenzi, ambaye ameteuliwa na Rais. Barabara ya kwenda zahanati iko chini ya wakala wa barabara za vijijini na mijini, TARURA, tangu 2017. Pampu ya kisima iko chini ya wakala wa maji vijijini, RUWASA, tangu 2019. Hakuna hata mmoja kati ya hao utakayempa amri. Utaandika barua, utafuatilia, utasubiri bajeti, utamshawishi diwani wa kata ya pili aunge mkono barabara yako ili na wewe uunge mkono josho lake. Nimeona wastaafu wa vyombo vya ulinzi wakivunjika moyo hapo mapema sana. Wanaanza kufoka ofisini kwa mkurugenzi, watumishi wanawakwepa, na mwisho kata inakosa hata kile kidogo ambacho ingepata.

Kuna tatizo la pili ambalo wazee wako hawajalitaja, nalo mimi linanitia wasiwasi zaidi: utii. Watu hudhani askari akiwa kiongozi hatari ni ubabe. Wengi niliowaona walikuwa na kasoro ya kinyume chake. Wamezoea kwamba neno la mkubwa likishatoka mjadala umefungwa, basi kwenye baraza wanakaa kimya. Kabla ya kikao cha baraza, madiwani wa chama kimoja hukutana wenyewe na kukubaliana msimamo. Ukiingia pale na mazoea ya "ndiyo afande", utapiga kura ya ndiyo kwenye taarifa ya mapato ambayo wewe mwenyewe umeona ina shimo. Udiwani ni kazi ya kuhoji. Unahoji kwa adabu, kwa namba, na unahoji hata mtu aliyekuzidi cheo, elimu na umri. Jiulize kwa ukweli: je, umewahi kumwambia mkubwa wako kwamba hesabu haikubaliani na mali, na ukasimama hapo? Kama jibu ni ndiyo, hicho ndicho kisa cha kuwasimulia wapiga kura.

Na hapa ndipo bohari inapoingia. Unaizungumzia kwa sauti ya mtu anayeomba radhi, na sioni sababu. Fikiria darasa linalojengwa kijijini kwa fosi akaunti, yaani bila kumpa kazi mkandarasi. Fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule, kamati ya manunuzi inanunua, lori linafika jioni, na kamati ya mapokezi, yaani wakulima wawili watatu na mwalimu mmoja, inatakiwa ipokee saruji, nondo na mabati. Giza linaingia, dereva ana haraka, hati imeandikwa mifuko 200. Nani anahesabu? Nani anapima unene wa nondo kuona kama ni milimita 12 au ni 10? Nani anakataa kusaini hadi ile mifuko iliyoganda itolewe pembeni na kuandikwa? Wengi wanasaini ili wakalale. Wewe umefanya kazi hiyo kwa miaka. Unajua tofauti ya kilichoandikwa kwenye leja na kilichopo kwenye rafu. Unajua kwamba anayekabidhi na anayepokea lazima wasimame pamoja mbele ya mali. Unajua wizi wa stoo hauanzi kwa lori zima, unaanza kwa vocha moja isiyokuwa na sahihi. Zahanati ni vilevile: dawa kutoka Bohari ya Dawa, MSD, zinapokelewa kwa hati, zinaingizwa kwenye leja, zinatoka kwa leja, na mama anapoambiwa dawa imeisha, swali la kwanza ni leja inasemaje.

Baraza la madiwani huletewa kabrasha nene la taarifa ya robo mwaka, na Kamati ya Fedha, Uongozi na Mipango ndiyo inayopitia matumizi. Diwani anayeweza kusoma safu ya bakaa na kuuliza kwa nini haifanani na ya robo iliyopita ni hazina. Wazee wakisema wanataka mtu wa nidhamu, naamini mioyoni mwao wanataka hivyo hasa: mtu ambaye mali ya kijiji ikipita mkononi mwake inafika ilikokuwa inakwenda. Waeleze hivyo, kwa mfano wa saruji. Na vijana waeleze kwa mfano wa mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, ambayo 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Waambie utaomba orodha ya waliopewa na utaisoma hadharani. Nakuhakikishia kijana wa bodaboda atakusikiliza.

Kuhusu sare kwenye mabango, msimamo wangu ni mmoja: usiweke. Kwanza, sheria inakataza kuvaa sare za jeshi bila idhini, na hata picha ya zamani itakuletea maswali kutoka jeshini ambayo huyahitaji wakati wa kampeni. Lakini sababu kubwa ni nyingine. Imani waliyonayo Watanzania kwa JWTZ imetokana na jeshi kukaa nje ya ugomvi wa vyama tangu 1992. Uganda wana viti 10 bungeni kwa ajili ya wawakilishi wa jeshi, na huo ni utaratibu wao. Sisi tulichagua kutenganisha. Ukisimama jukwaani na sare huku bendera ya chama ikipepea nyuma yako, unatumia heshima ambayo ni ya wote, wakiwemo askari ambao wangempigia kura mpinzani wako. Andika kwenye wasifu wako cheo chako kamili, miaka yako na kazi yako. Kutajwa inatosha. Watu wakikuita afande waache wakuite, ila wewe jitambulishe kwa jina.

Darfur nayo isimulie kama ilivyokuwa. Ulishika stoo, sema ulishika stoo. Marekani mwaka 2010, Richard Blumenthal alipokuwa anagombea useneta wa Connecticut, gazeti liliibua kwamba aliwahi kusema alitumika Vietnam, kumbe alikuwa askari wa akiba wa Marines aliyebaki Marekani. Aliomba radhi na hatimaye alishinda, lakini alitumia kampeni yake akijieleza. Wewe huna mawakili wake wala redio zake. Kwenye kata, mtu mmoja uliyekuwa naye kikosini akisema "huyu hakuwahi kupigana", kila ulichosema kabla ya hapo kinaanguka, hata kilichokuwa kweli. Na kumbuka kwamba Julai 2013 walinda amani saba wa Tanzania waliuawa Darfur. Wana wazazi na watoto. Usiwataje ili kuomba kura. Ukiulizwa mambo ya mpangilio wa kikosi, silaha au mawasiliano, jibu kwamba hayo huwezi kuyasema. Sheria ya Usalama wa Taifa ya 1970 haikuachii huru kwa sababu umestaafu.

Nageukia kwa shemeji yangu, mkeo, kwa sababu kwenye barua yako ndiye mtu mwenye hoja nzito zaidi. Mafao ya kustaafu huja mara moja. Mtaani wanajua kabisa ni lini mstaafu amelipwa, na sehemu ya wanaokusukuma kugombea huenda wanaisukuma pochi yako. Kura za maoni ndani ya chama zina wajumbe, na wajumbe wana nauli, wana maji ya kunywa, wana mgonjwa nyumbani. Mahakama Kuu iliifuta takrima, yaani kuwakirimu wapiga kura, mwaka 2006, Sheria ya Gharama za Uchaguzi ya 2010 inaweka mipaka na masharti ya kutoa taarifa, na TAKUKURU wanafuatilia. Mtu unayejinadi kwa uaminifu ukikamatwa na bahasha, umemaliza kila kitu siku hiyo. Kaeni na mkeo muandike kiasi ambacho mkikipoteza chote nyumba haitayumba, na kiandikwe na yeye. Kiasi hicho kikiisha, kampeni inaendelea kwa miguu. Kama hamuwezi kukubaliana kiasi, usigombee. Posho za udiwani hazirudishi mafao.

Ushauri wangu kuhusu wakati: uchaguzi wa vijiji uliopita ulikuwa 2024 na wa madiwani 2025, kwa hiyo kwa utaratibu wa kawaida una hadi 2029 na 2030. Huo ni muda mzuri, usiulalie. Omba nafasi ya kutumikia sasa kwenye kitu kidogo chenye hesabu: bodi ya AMCOS yenu (chama cha msingi cha ushirika), kamati ya shule, kamati ya usimamizi wa zahanati, au kamati ya mapokezi ya mradi wowote unaokuja. Utajua kama unaiweza kazi ya kushawishi watu wasio na wajibu wa kukutii, na watu watakujua bila sare. Ukiona baada ya mwaka mmoja kwamba vikao vinakumaliza, hutakuwa umepoteza mafao wala heshima, na kijiji kitakuwa kimepata mhesabuji mzuri. Wapo watakaokuambia ukisubiri nafasi itachukuliwa na mwingine. Inawezekana, na hiyo ni gharama ya kweli. Bado naona ni nafuu kuliko kuingia ukiwa mgeni kwenye kata yako mwenyewe.

Limebaki la kushtuka na hasira. Mwili wa mtu aliyekaa kwenye hatari hujifunza kuamka kabla ya akili. Mlio unasikika, moyo unaenda mbio, misuli inakaza, na ndipo akili inafika na kusema ni ekzosi ya pikipiki. Kule ilikulinda. Tatizo ni kwamba msafara wa kampeni umejaa ekzosi, mavuvuzela na spika zinazolia ghafla, na mkutano wa hadhara una mtu aliyetumwa makusudi kukuchokoza. Mshtuko huo si udhaifu wa tabia, na maombi au ukakamavu peke yake mara nyingi havitoshi. Unatibika, tena mapema ni rahisi zaidi. Nenda Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, Sokoine, pale Lindi, uulize huduma ya afya ya akili. Ukiona ni rahisi kwako kuongea na watu wanaojua maisha ya jeshi, nenda Hospitali Kuu ya Jeshi Lugalo. Mweleze daktari kwamba ulikuwa Darfur, maana usipolitaja anaweza kukupa dawa ya presha na kukurudisha nyumbani. Kama kuna ndoto zinazokurudisha kule, kama hulali, kama pombe imeongezeka, au umewahi kuinua mkono nyumbani, usisubiri mwezi uishe. Na ikiwa kuna siku umewaza kujidhuru, nenda hospitali iliyo karibu siku hiyohiyo, na mkeo au ndugu unayemwamini aende nawe.

Kwa mengine unahitaji watu wa kukutana nao ana kwa ana. Mwanasheria, au msaidizi wa kisheria aliyesajiliwa kama huna uwezo wa kumlipa wakili, azilinganishe tarehe za kadi na barua ya kustaafu kabla hujachukua fomu yoyote. Ofisi inayokulipa pensheni ikujibu kwa maandishi kama posho za udiwani zina athari yoyote kwenye malipo yako ya kila mwezi, na jibu la mdomo usilikubali. Kwa sheria za uchaguzi, msimamizi wa uchaguzi wa halmashauri yako ndiye mwenye fomu, kanuni na ratiba, na Tume hutoa maelekezo mapya kila uchaguzi, kwa hiyo usitegemee ya 2025. Ila kwa daktari nenda wiki hii. Hayo mengine yanaweza kusubiri hadi mvua ziishe.